Majina juu ya ukuta: sanamu za Wakongomani ndani ya nyumba ya Leopold

Sisi tuliokulia mu kampi tunajua kitu kimoja ambacho watoto wengine wa mji hawakijui: matricule ya baba. Ku hospitali, ku kantini, siku ya posho, hakuna mtu aliyekuuliza jina. «Numero ya papa?» Na wewe, mtoto wa miaka saba, unaitoa mbio mbio bila kukosea. Tuko na wazee ambao hawajui vizuri tarehe waliyozaliwa, lakini numero yao ya kazi iko kichwani mpaka leo, sawa vile sala.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu tumetoka mahali ambapo watu wameandika majina ya wafu wao juu ya ukuta, moja moja, na fundi mmoja wa sanamu, ndugu yetu wa Kinshasa, akapata akili ya kuingiza majina ya wafu wetu humo humo. Tunapenda kuwaelezea vile tuliona, ninyi ba papa mlio kazini, na ninyi ba mama mnaobaki nyumbani mkisikilizia kama gari ya wagonjwa inapita.

Tulikuwa delege watano wa sendika: wawili wa Lubumbashi, wawili wa Kolwezi na mmoja wa Likasi. Ndugu zetu wa sendika moja ya Ubelgiji walitualika kwa mafunzo juu ya usalama wa kazi: vumbi, mapafu, namna ya kushikilia udongo usianguke. Siku ya yenga hakukuwa na masomo. Mwenyeji wetu, mzee aliyechimba makaa ya mawe kule Limburg mpaka mgodi wao wa mwisho ulipofungwa 1992, akatuambia: «Leo ninawapeleka kwenu.» Tukacheka. Akatupandisha tramu namba 44, ile inayopita katikati ya pori la miti mirefu, mpaka mwisho wa njia. Hapo ndipo Tervuren, karibu na Bruxelles.

Nyumba yenyewe ni kubwa, ndefu, ya mawe, na mbele yake bustani na ziwa. Inaitwa makumbusho ya Afrika, lakini ilijengwa sawa nyumba ya mfalme. Leopold II ndiye aliyeiagiza, architecte Mfaransa Charles Girault akaichora, na ilifunguliwa 1910, wakati Leopold alikuwa amekwisha kufa. Mfalme huyo hakukanyaga Kongo hata siku moja. Pesa ya kujenga ilitoka wapi, hamna haja tuwaambie: mpira, pembe za ndovu, na migongo ya watu. Ukuta una herufi yake L mara mbili, zimegeuziana mgongo, huku na huku, mpaka unachoka kuzihesabu.

Kabla ya nyumba hii kulikuwa nyingine. Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Bruxelles, walileta Wakongomani 267 kwa mashua, wakawaweka ndani ya bustani hiyo hiyo, mu nyumba za majani, ili Wabelgiji wapite wakiwaangalia. Baridi na magonjwa vikawaua saba. Makaburi yao iko pembeni ya kanisa la Tervuren. Tulienda kwanza kule. Mawe saba, yamelala kwa mstari mmoja. Majina yao: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Yashikeni, yatarudi.

Ndani ya makumbusho tulifanya kile ambacho kila mutu wa Katanga angefanya: tulitafuta mabwe. Na tukayapata. Kuna chumba cha madini, na humo malachite ya kwetu, kijani kibichi, imekatwa na kupanguswa mpaka inang'aa, ndani ya kioo, na karatasi ndogo inayosema ilikotoka. Delege wa Likasi akaweka uso karibu na kioo, akasema: «Hii mimi ninaijua.» Mlinzi akamwangalia vibaya. Lakini ndugu yetu hakuwa anaiba kitu, alikuwa anasalimia.

Sanamu katikati ya nyumba

Sasa tuingie kwenye sanamu zenyewe, maana ndizo zilizotuleta.

Katikati ya nyumba kuna chumba kikubwa cha duara, dari yake juu sana. Kuzunguka ukuta kuna sanamu za zamani, nyingine zimepakwa dhahabu. Moja jina lake ni «Ubelgiji unaleta ustaarabu Kongo»: Mzungu amesimama, mrefu, na sisi tuko chini, wadogo, tunamshika nguo. Ni kazi ya Arsène Matton. Serikali ya kule imezilinda kwa sheria ya vitu vya historia, haiwezekani kuzitoa hata makumbusho yenyewe ikitaka. Basi walipofunga nyumba miaka mitano kwa kuitengeneza, tangu 2013 mpaka Desemba 2018, walijiuliza: tufanye nini na ukuta unaotukana wageni mlangoni?

Walimwita Aimé Mpane, mchongaji aliyezaliwa Kinshasa 1968. Yeye hakugusa sanamu za ukuta. Alichonga kichwa kikubwa cha mutu mweusi, cha mbao, kimetobolewa tobolewa sawa wavu, mwanga unaingia huku na kutoka kule, akakiweka mbele yako unapoingia. Jina lake kwa Kifaransa linasema juu ya pumzi mpya na Kongo inayochipuka. Tulikizunguka mara tatu. Delege mmoja wa Kolwezi, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kupanga miti ya kushikilia shimo, alisema hivi: «Angalia vile alikata. Akitoa kipande kimoja zaidi, yote inaanguka.» Hakuna mwalimu wa sanaa angeweza kutueleza vizuri kupita hapo.

Halafu watu walilalamika. Walisema: kichwa hiki ni kizuri, lakini kiko peke yake, na dhahabu ya ukuta inakishinda. Mpane akaongeza sanamu ya pili, kuelekeana na ile ya kwanza: fuvu la kichwa. Fuvu la Lusinga.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu hii historia ni ya upande wetu na watoto wetu hawaisomi ku masomo. Lusinga alikuwa chifu wa Watabwa, mangaribi ya ziwa Tanganyika. Mbelgiji Émile Storms alikuwa na kituo chake Mpala, kando ya ziwa. Mwisho wa mwaka 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms akakibeba mpaka Ubelgiji. Fuvu lenyewe la kweli haliko Tervuren, liko ndani ya taasisi nyingine ya Bruxelles, kwa sanduku. Mwaka 2022 komini ya Ixelles iliondoa sanamu ya Storms iliyokuwa ndani ya bustani yao. Fuvu bado liko kule.

Mmoja wetu mama yake ni wa Moba. Alipoelewa ni fuvu la nani, hakusema kitu. Alitoa kofia. Tukaona, sisi wengine nasi tukatoa. Wazungu wawili waliokuwa wanapiga picha wakashusha telefone zao polepole. Tulibaki pale, watu watano na kofia mkononi, sawa ku kilio ambacho kimechelewa miaka mia moja na zaidi.

Sanamu za ukuta nazo zimepata kitu: Mpane na Mbelgiji Jean Pierre Müller walitundika mbele yao vitambaa 16 vyepesi vyenye picha. Unaona sanamu kupitia kitambaa, na picha mpya inapita juu yake. Wengine wetu walipenda. Sisi wengine tuliona ni sawa kumvika mutu muongo shati safi. Sanamu zingine mbaya zaidi, kama ile ya mutu-chui na makucha ya chuma, zimeshushwa chini, ndani ya chumba kimoja zote pamoja. Hilo tulikubali wote bila mabishano.

Tukingojea jua

Lakini kile kilichotukamata kweli hakiko pale katikati. Kiko ndani ya ukumbi mmoja mrefu, wenye madirisha upande mmoja na ukuta upande mwingine. Juu ya ukuta huo kumeandikwa majina 1.508. Ni Wabelgiji waliokufa Kongo, kuanzia 1876 mpaka 1908. Jina, jina, jina, mpaka shingo inauma. Wengi walikuwa vijana, tunafikiri homa ndiyo iliwamaliza zaidi kuliko mishale. Hatuwachukii. Hata wao walitumwa na mukubwa.

Ila unasoma kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna jina moja la Mukongomani. Kwa miaka ile ile! Miaka ya mpira, miaka ya kubeba mizigo kichwani kutoka Matadi, wakati njia ya gari moshi ilikuwa bado haijajengwa. Wafu wetu wa miaka ile hawana hata hesabu ambayo watu wanakubaliana.

Mzee wetu wa Limburg akasema: «Ngojeni. Leo kuna mawingu. Jua likitoka mtaona.»

Tukakaa chini. Na wakati wa kungojea, akatuelezea juu ya fundi mwenyewe, akitutafutia picha ndani ya telefone yake.

Anaitwa Freddy Tsimba. Alizaliwa Kinshasa 1967, alisoma Académie des Beaux-Arts ya kule kule, kisha akajifunza moto na kuunganisha chuma kwa mafundi wa kuyeyusha. Yeye hatumii mawe wala mbao. Anaokota. Vijiko, minyororo, funguo, mitego ya panya, mapanga: alijenga nyumba nzima ya mapanga, imesimama sawa nyumba ya mutu. Na zaidi ya yote, anaokota maganda ya risasi mahali vita ilipita. Anayaunganisha kwa moto, moja juu ya lingine, mpaka yanakuwa mwili: mama mwenye mimba, mutu anayekimbia, mutu bila kichwa.

Mmoja wa sanamu hizo, mama aliyebeba kitabu, iko Paris ndani ya Palais de Chaillot tangu 2018. Nyumba hiyo ndiyo ambamo mataifa ya dunia yalikubali Tangazo la Haki za Binadamu, tarehe 10 Desemba 1948. Walikuwa wanakumbuka miaka 70. Hatukufika Paris, tuliiona mu telefone tu. Lakini hata kwa kioo kidogo kile, tuliona rangi. Na hapo tukaanza kusema sote kwa mara moja.

Maana ganda la risasi ni nini? Ninyi mnaofanya kazi ya kuyeyusha mnajua. Ni shaba ya manjano. Ndani ya kilo kumi, karibu kilo saba ni mukuba na kilo tatu ni zenki. Mukuba wa wapi? Zenki ya wapi? Katanga iko nazo zote mbili, na Kipushi imetoa mukuba na zenki kutoka shimo moja. Mwaka 1911 ndipo mukuba wa kwanza uliyeyushwa Lubumbashi, na miaka mitatu baadaye vita ya Wazungu ikaanza. Mukuba wa Katanga ulienda kutengeneza maganda ya mizinga na ya risasi za vita ile ya 1914–1918. Msanii mwingine, Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, ameonyesha maganda ya mizinga ya kweli, akapanda ndani yake maua ya nyumbani, kwa sababu Wabelgiji waliyafanya vyombo vya maua sebuleni. Bibi zao walimwagilia maji mukuba wa babu zetu bila kujua.

Hatusemi kwamba ganda fulani mkononi mwa Tsimba lilitoka shimo fulani. Mukuba ukikwisha kuyeyushwa hauna kabila. Tunasema tu: sisi tunaanza kazi ile, na Tsimba anaikuta mwisho wa njia yake, imelala mu majani ya Kongo hii hii, tupu, imekwisha kuua. Kati ya mwanzo na mwisho kuna watu wengi waliopata faida. Kwenye mwanzo na kwenye mwisho, ni sisi.

Saa ilikuwa imepita ya tisa wakati jua lilitoka.

Tsimba, kwa ukumbi huu, hakuleta chuma. Kazi yake inaitwa «Ombres», ni kusema vivuli. Aliandika majina juu ya vioo vya madirisha: majina ya Wakongomani waliokufa Ubelgiji, pamoja na wale saba wa 1897. Jua likiwa limejificha, unapita na huoni kitu, ni dirisha tu. Likitoka, kivuli cha jina kinavuka ukumbi na kulala juu ya ukuta, juu ya majina ya wale 1.508. Tuliona herufi zikija polepole, za kijivu, halafu nyeusi. Delege wa Likasi akasoma kwa sauti: «Gemba.» Halafu akanyamaza, sababu wingu lilirudi.

Likatoka tena. Mmoja wetu akanyosha mkono, kivuli cha herufi kikamwangukia juu ya ngozi. Alikiangalia vile unaangalia mtoto mchanga.

Hatukukubaliana

Tusiwadanganye kwamba tulitoka pale tukiwa na moyo mmoja. Ndani ya tramu tulibishana mpaka watu wakageuka. Delege mmoja wa Lubumbashi alikasirika kabisa: «Bo banaandikwa ku ukuta, siye tunaandikwa mu kivuli! Jua ikiingia, tunapotea. Hii ni heshima gani?» Yule wa Moba akamjibu: «Lakini angalia, kivuli inapita juu yabo. Ukuta haiwezi kuikataza. Na kesho jua itatoka tena.»

Sisi tunaoandika haya tunaona wote wawili wako na haki. Kazi ya Tsimba ni nzuri kwa sababu haifichi ubaya: inaonyesha kwamba hatukupewa nafasi juu ya ukuta. Lakini mutu wa kazi anapenda kitu kinachoshikika. Kivuli hakikamate.

Mzee wa Limburg, ambaye alisikiliza tu bila kuelewa Kiswahili, aliomba tumtafsirie. Kisha akatueleza juu ya Marcinelle. Tarehe 8 Agosti 1956, moto uliwaka ndani ya mgodi wa makaa wa Bois du Cazier. Walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia, wageni waliokuja kutafuta kazi. Leo mgodi ule umekuwa mahali pa kumbukumbu. Majina yote 262 yako, na kila 8 Agosti kengele inapigwa kwa ajili yao. «Tuligombana sana mpaka tukapata,» akasema. «Hakuna mukubwa aliyetuletea kwa sahani.»

Hapo sote tukafikiri jambo moja, na hakuna aliyependa kulisema kwanza.

Tuseme basi. Tarehe 9 Desemba 1941, Élisabethville, ni kusema Lubumbashi yetu hii. Vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu. Wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma, wakaomba mushahara uongezwe. Walikusanyika ku uwanja wa mpira. Askari wakapiga risasi. Jina moja tunalo: Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, akauawa pale pale. Wengine walikuwa makumi. Majina yao ni nani? Muulize mtoto yeyote wa sekondari wa Lubumbashi. Muulizeni hata delege wa sendika, atakupa jina la Mpoyi na kuishia hapo. Tuliona haya, sisi ambao kazi yetu ni kusema kwa ajili ya wafanyakazi.

Na tusirudi mbali hivyo. Mwezi wa sita 2019, upande wa Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji wa mikono, zaidi ya 40 wakafa. Redio ilisema hesabu, gazeti ikaandika hesabu. Hesabu, sawa vile matricule.

Daftari

Tangu turudi tumefungua daftari. Daftari ya kawaida, ya kurasa 200, na jalada gumu. Tunaandika jina lote, numero ya kazi kama iko, mahali, mwaka, namna alivyokufa kama familia inapenda kusema. Kurasa za kwanza zimejaa.

Mama mmoja mjane alikuja na kaske ya mume wake ndani ya kitambaa. Ndani ya kaske, kwa rangi nyeupe, kulikuwa numero. Jina hapana. Alituomba tuandike vyote viwili, numero na jina, sababu, alisema, «numero nayo ilikuwa yake, aliitumikia miaka kumi na tisa». Hatukuwa tumefikiria hivyo. Sasa tunaandika vyote viwili kila mara.

Kulikuwa na ugomvi, lazima mjue. Wenzetu wengine walisema: sendika ni ya watu wenye kontra, wachimbaji wa mikono watafute daftari yao. Tulibishana masaa mawili. Mwisho mzee mmoja pensionné, ambaye mtoto wake anachimba kwa mkono sababu hakupata kazi pahali baba alitumika, alisimama, akauliza kama udongo unaangaliaga kontra kabla ya kuanguka. Tukapiga kura. Wanaandikwa wote.

Ugumu ni kwamba wachimbaji wengi wanajulikana kwa jina la utani tu. Walikuja kutoka mbali, wakapewa jina la kucheza ku shimo, wakafa nalo. Mwanzo tuliacha nafasi tupu, tukingojea jina la kweli. Tumeacha desturi hiyo.

Na ukuta? Tuko nao. Bâtiment du 30 Juin iko pale katikati ya Lubumbashi. Wabelgiji waliijenga miaka ya 1950 iwe teatro yao, leo ndimo wabunge wa provinsi wanaketi. Barua ya kuomba ukumbi wake kwa mwezi mmoja tunaiandika sasa. Mafundi wa kupiga mukuba, wale wanaouza picha za vijiji na tembo kwa wageni, tumezungumza nao. Mmoja alituonyesha: alichukua kipande cha shaba chembamba, akatoboa jina kwa msumari, tobo kwa tobo, akakiinua dirishani. Jina likaanguka juu ya sakafu, si kwa kivuli, kwa mwanga. Yeye hajafika Tervuren na hatukuwa tumemweleza kazi ya Tsimba. Tukamuuliza bei ya kila jina. Alipotuambia, tukacheka kwa uchungu: hapa kwetu, ambapo malori ya mukuba yanapita usiku na mchana, karatasi moja ya mukuba inatushinda bei. Akasema basi mlete waya za zamani, mabomba yaliyooza, sufuria iliyotoboka, yeye atayeyusha na kupiga mwenyewe.

Kwa hiyo, ba mama na ba papa, tunawangojea ku ofisi ya sendika ya pahali penu, siku ya pili na siku ya tano, tangu saa nane. Leteni jina na mwaka. Asiyejua kuandika tutamwandikia na kumsomea tena mpaka akubali. Mwenye kipande cha mukuba, hata kidogo sawa kidole, akilete. Na yule ambaye mlimjua kwa jina la utani tu, leteni lile lile.